Matembezi Matatu, Jiko Moja: Kutunza Mazingira Tukianzia Lipangalala



Neno "mazingira" limezoeleka sana katika semina na mikutano yetu. Wengi wakilisikia hufikiria mabango, wafadhili na siku moja kwa mwaka ya kupanda miti mbele ya mgeni rasmi. Katika toleo hili tungependa kulirudisha neno hilo nyumbani, yaani jikoni, uani na shambani. Tutatumia mfano wa Lipangalala, kata iliyo pembeni mwa mji wa Ifakara, ambako maisha ya mjini na ya shambani yanakutana. Watu wanalima mpunga, wanapanda baiskeli kwenda sokoni, wanapikia kuni na mkaa, na wengi sasa wana mtungi mdogo wa gesi kwenye kona ya chumba.

Ni vema ikaeleweka tangu mwanzo kwamba mtu hutunza kile anachokifahamu. Wapo wengi waliozaliwa katika bonde la Kilombero ambao hawajawahi kufika kwenye maporomoko ya Sanje, wala kusimama kandokando ya mto kwa sababu nyingine zaidi ya kuvuka. Kutembea na kutazama tumewaachia wageni. Hivyo basi, tunapendekeza matembezi matatu ambayo kikundi cha akina mama, vijana au familia chache zinaweza kuyafanya kwa gharama ndogo. Kila tembezi lina jambo moja la kwenda kubadilisha nyumbani. Mtaona kwamba yote matatu yanatufikisha mahali pamoja, kwenye jiko.

Tembezi la kwanza: mashine ya kukoboa

Hili halihitaji nauli. Baada ya mavuno, nendeni kwa miguu hadi kwenye mashine ya kukoboa mpunga iliyo karibu, kisha mzunguke nyuma yake. Hapo mtakuta lundo la pumba. Pumba laini zina soko kwa wafugaji wa kuku na nguruwe. Tunazozungumzia hapa ni pumba ngumu, yaani maganda ya nje ya mpunga. Baadhi huchukuliwa na wachoma matofali. Nyingine huchomwa hapohapo na kutoa moshi siku nzima, au humwagwa mitaroni.

Hebu tupige hesabu. Takriban sehemu moja ya tano ya uzito wa mpunga ni maganda. Maana yake ni kwamba gunia la kilo 100 likikobolewa hutoa karibu kilo 20 za maganda. Kaya iliyovuna magunia 15 ya uzito huo imeacha mashineni takriban kilo 300. Wakati huohuo kaya hiyohiyo inatoa fedha kila wiki kununua mkaa. Na ikumbukwe kwamba katika tanuri la kienyeji la udongo, kilo moja ya mkaa huweza kula kilo nane hadi kumi na mbili za mti. Sehemu kubwa ya mti huo huishia kuwa moshi huko porini kabla gunia halijafika mjini.

Pumba zinaweza kutusaidia jikoni kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kapu la kupikia. Pumba kavu huzuia joto lisitoroke, kama blanketi. Chukueni kapu kubwa au tenga. Shoneni mito miwili ya kitambaa kizito, mijazeni pumba kavu, mmoja ukae chini na pembeni mwa sufuria na mwingine juu kama kifuniko. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha yachemsheni kwa nguvu kwa muda wa robo saa. Kisha funikeni sufuria barabara, iwekeni ndani ya kapu na msiifunue kwa saa tatu au nne. Chakula kinaendelea kuiva kwa joto lake chenyewe. Kama maharage ni ya zamani na magumu, rudisheni motoni yachemke tena kwa dakika chache. Wali huhitaji kuchemka dakika kama tano tu, kisha kapu humalizia kazi kwa muda usiozidi saa moja.

Tahadhari ni mbili. Maharage yasiingie kapuni kabla ya kuchemka vizuri kwa angalau dakika kumi, kwa sababu maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoondolewa na mchemko mkali. Pili, chakula kisilale ndani ya kapu, kwa kuwa kikipoa pole pole huchacha.

Faida kubwa ya kapu hili inajitokeza pale lilipo na gesi. Kaya nyingi hutumia gesi kwa chai na mayai, lakini maharage na makande hurudishwa kwenye mkaa kwa kuogopa mtungi kuisha. Maharage ndiyo yanayouleta mkaa nyumbani! Kwa kutumia kapu, gesi inafanya kazi ya robo saa na pumba zinafanya kazi ya saa tatu. Mtungi unadumu, na sababu ya kununua mkaa inapungua.

Njia ya pili ni mkaa wa pumba. Hatua zake ni hizi:

1. Chukueni debe tupu la bati, litobolewe matundu mengi madogo kwa msumari, na juu yake lifungwe bomba la bati la kutolea moshi.
2. Washeni moto mdogo wa vijiti mahali pa wazi, ufunikeni kwa debe hilo, kisha mlundike pumba kulizunguka.
3. Pumba zitaanza kuwa nyeusi kuanzia ndani kwenda nje. Zigeuzeni kwa reki ili ziungue sawasawa.
4. Zikishakuwa nyeusi zote, na kabla hazijawa majivu ya kijivu, zitandazeni na kuzinyunyizia maji mpaka zizimike kabisa.
5. Changanyeni na uji mzito wa unga wa muhogo kidogo kidogo, mpaka ukikamata konzi moja lishikane. Gandamizeni kwenye kopo, toeni, na mwanike juani siku kadhaa.

Tuseme ukweli ili watu wasikate tamaa baadaye. Mkaa huu una majivu mengi, na joto lake ni dogo kuliko la mkaa wa mti. Haufai kwa pilau la harusi. Unafaa kwa vitu vinavyotaka moto wa taratibu, kama kuchemsha maji au kupasha chakula. Na kama ilivyo kwa mkaa wowote, usiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa maana hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo huua watu usingizini. Pumba zilizoungua zikizidi, zichanganyeni na udongo wa vitalu vya miche, maana huufanya uwe mwepesi na kushika maji.

Tembezi la pili: mtoni

Panda baiskeli au daladala hadi Mto Kilombero, mahali ambapo kwa miaka mingi watu walivuka kwa kivuko wakielekea Mahenge na Malinyi. Sasa tunavuka kwa Daraja la Magufuli, lililozinduliwa mwaka 2018. Msisimame barabarani. Teremkeni pembeni mahali salama, mbali na maji yenye viboko na mamba, na mkae chini kidogo.

Maji mnayoyaona yana safari ndefu. Mto Kilombero unachangia karibu asilimia 62 ya maji yote ya Mto Rufiji, na katika mto huo ndipo lilipo Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024. Kwa hiyo taa inayowaka Dodoma au Dar es Salaam inategemea kwa sehemu jinsi tunavyoitunza milima na mabonde yetu. Aidha, tarehe 25 Aprili 2002 bonde hili liliorodheshwa kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, likiwa na eneo la karibu hekta 797,000. Wakati huo ilikadiriwa kwamba robo tatu ya puku wote duniani waliishi hapa. Puku ni swala wa mbugani ambaye huitwa pia sheshe. Tangu hapo idadi yake imeshuka sana kwa sababu ya ujangili na kubanwa na mashamba na mifugo. Wapo pia ndege wasiopatikana mahali pengine popote, akiwemo kwera wa Kilombero anayefuma kiota chake kwenye matete ya kandokando ya mto. Matete yakichomwa, kwera huyo hana nyumba nyingine.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wengi huiona mita hiyo kama ukali wa serikali. Mkiwa pale mtoni, tazameni sehemu ya ukingo iliyolimwa mpaka majini na sehemu yenye matete na miti. Ya kwanza inamomonyoka kila masika na shamba linaondoka na maji, ila ya pili inashikilia udongo. Anayelima ukingoni anapoteza ardhi yake mwenyewe taratibu.

Je, mto huu unahusianaje na jiko la Lipangalala? Unahusiana kupitia taka. Mfuko unaotupwa mtaroni Ifakara huziba mtaro, maji hutuama, na mbu hupata mahali pa kuzaliana. Mvua kubwa ikinyesha, na Mto Lumemo unaoshuka kutoka Udzungwa ukijaa, mitaro iliyoziba huongeza taabu ya mafuriko. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na hilo limesaidia. Hata hivyo vifungashio, chupa na mifuko laini bado vipo.

Kuna tabia moja ambayo haizungumzwi vya kutosha, nayo ni kuwashia mkaa kwa plastiki. Mama anachukua kipande cha mfuko au chupa, anakiweka chini ya mkaa na kuwasha kiberiti. Moto unashika haraka, lakini moshi ule mweusi una sumu, na anayeuvuta kwanza ni yeye na mtoto aliye mgongoni. Jambo la kubadilisha baada ya tembezi hili ni hilo. Wekeni mfuko wa sandarusi au ndoo jikoni yenye magunzi makavu ya mahindi, vifuu na makumbi ya nazi, au vijiti vidogo, viwe ndivyo vya kuwashia. Plastiki zikusanywe pembeni, na chupa wapewe wanaozinunua. Maganda ya viazi, ndizi na mboga yaende kwenye shimo la mboji, si kwenye mtaro. Mboji hiyo ikichanganywa na samadi itatosha kustawisha tuta la mchicha na matembele nyuma ya nyumba.

Tembezi la tatu: Mang'ula na Sanje

Hili linahitaji maandalizi na akiba ya nauli. Ndilo linalofaa kwa safari ya mwaka ya kikundi. Kutoka Ifakara mnafuata barabara ya Kidatu mpaka Mang'ula, yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Viingilio hubadilika, na cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni kutoka nje, hivyo ulizeni mapema. Wanaotaka njia fupi watazame maporomoko ya Prince Bernhard yaliyo jirani na lango. Wenye nguvu waende Sanje, ambako maji huanguka jumla ya mita 170 kwa hatua tatu. Bebeni chakula kwenye hotpoti, maji kwenye chupa za kurudia, na kila mlichoingia nacho mtoke nacho.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992 na ina ukubwa wa kilometa za mraba 1,990. Humo anaishi nyani mwenye kishungi ambaye wenyeji humwita ngolaga, na ambaye wanasayansi hawakumfahamu mpaka mwaka 1979. Yupo pia mbega mwekundu wa Udzungwa. Hao wawili hawapatikani nje ya milima na misitu ya eneo hili. Kikubwa zaidi kwa mkulima ni kwamba msitu huu hunasa mvua na ukungu na kuachia maji taratibu, ndiyo maana vijito vinavyoshuka bondeni vinaendelea kutiririka hata kiangazi.

Hapa lazima tuzungumzie kuni. Kwa miaka mingi wananchi wa vijiji vilivyo kando ya hifadhi waliruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni zilizoanguka. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikoma. Wahifadhi walikuwa na hoja nzito, kwamba watu wengi wakiingia msitu mwembamba wa chini ya mlima kila wiki miche inakanyagwa, na wachache hutumia nafasi hiyo kukata miti mibichi na kutega wanyama. Lakini akina mama nao walikuwa na hoja nzito, maana chakula cha jioni hakingoji mradi. Katazo likifika kabla ya njia mbadala, mzigo wake huangukia kichwani kwa mwanamke. Atatembea mbali zaidi, atanunua, au atapika mara moja kwa siku.

Funzo la Udzungwa kwa watu wa Lipangalala ni kwamba msitu wa mwingine siyo ghala la kuni la kutegemea. Siku yoyote mlango unaweza kufungwa, iwe kwa amri au kwa sababu miti imekwisha. Kuni za uhakika ni zile zilizopandwa na kaya yenyewe. Mti unaofaa kuanzia ni mjohoro, kwa sababu hukua haraka, na ukiukata huchipua tena. Pandeni kwenye mpaka wa kiwanja au shamba, mti hadi mti mita mbili au tatu, mvua zinapoanza kushika. Kateni matawi kwa zamu, msikate yote mwaka mmoja. Kuni zake zikauke vizuri, kwa sababu mbichi zina moshi mkali. Karibu na chemchemi na mito msipande mikaratusi, kwani hunywa maji mengi. Pale ongezeni miti ya asili kama mkangazi na mvule. Uani pandeni mwembe au mchungwa.

Jambo moja la kuzungumza mapema ndani ya nyumba ni mti huu ni wa nani. Imekuwa kawaida mwanamke kumwagilia miche kiangazi chote, kisha mti ukishakuwa mkubwa mume anauuza nguzo bila kumshirikisha. Mwaka unaofuata mama hamwagilii tena, na hatuna haki ya kumlaumu. Kubalianeni tangu siku ya kupanda, mistari ipi ni ya kuni na ipi ni ya kuuza. Katika mikoa ya kaskazini, Askofu Fredrick Shoo, aliyekuwa Mkuu wa Kanisa letu hadi mwaka 2023, amejulikana kama askofu wa miti, na huko vijana wa kipaimara hupanda miti kama sehemu ya mafundisho yao. Hata huku kwetu mtoto anaweza kupewa mche wake na kuutunza mpaka umkute mtu mzima.

Na kuni hizo zitumike vizuri. Mafiga matatu hupoteza sehemu kubwa ya joto pembeni. Jiko banifu la udongo likijengwa na kutumiwa ipasavyo huweza kuokoa kati ya theluthi na nusu ya kuni, na moshi hupungua machoni na kifuani.

Tuanzie wapi?

Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia mwezi Mei 2024, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilielekezwa kuacha kuni na mkaa tangu Januari 2024, hivyo shule na vituo vyetu vinahusika moja kwa moja. Kwa kaya ya kawaida safari itakuwa ya hatua kwa hatua. Si dhambi kuwa na gesi, kapu, jiko banifu na mkaa kidogo kwa wakati mmoja. La muhimu ni kila mwezi mkaa upungue.

Ili kujua kama unapungua, andikeni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa wiki nne andikeni ni sado au debe ngapi za mkaa zimenunuliwa na kwa shilingi ngapi. Kisha anzeni kutumia kapu la pumba, na mwandike wiki nne nyingine. Fedha iliyobaki iwekwe kwenye kibubu au hisa za kikundi, kwa ajili ya kujaza gesi na nauli ya kwenda Sanje. Hapo mazingira yatakuwa yamejilipia yenyewe.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Nani katika nyumba yetu anatafuta kuni au kununua mkaa? Je, ndiye anayeamua fedha itumikeje?
2. Pumba za mashine yetu ya kukoboa zinakwenda wapi? Tunaweza kukubaliana nini na mwenye mashine?
3. Wiki hii tuliwashia moto kwa kitu gani?
4. Tukipanda miti 20, tutapanda wapi, na itakuwa ya nani?
5. Kati ya matembezi haya matatu, tutaanza na lipi na tarehe ngapi?

Mtakapokuwa mmejaribu kapu la pumba, tuandikieni mtuambie lilivyofanya kazi na lilivyoshindwa, ili wenzenu wa sharika nyingine wajifunze.

Mratibu wa Miradi